Jirani Aliyetuamsha

Jirani yetu alikuwa na ugonjwa wa kunusa. Ndivyo mkewe alivyouita. Ukirudi kazini ungemkuta koridoni amesimama mbele ya mlango wa watu, kichwa kakiinamisha upande, macho kayafumba, anavuta hewa polepole kama mpishi anayeonja mchuzi. Kisha anagonga. "Humu ndani kuna waya unaungua." Mara nyingi hakukuwa na waya wowote. Kulikuwa na mtu anapiga pasi shati la kazi, au yule Mfilipino wa mwisho wa koridoni anakaanga samaki wake. Lakini mara moja waya ulikuwepo kweli, nyuma ya friji ya vijana wa Uganda, na plastiki yake ilikuwa imeshaanza kuyeyuka. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia anyamaze.

Tulimwita Anko, kama jengo zima lilivyomwita, na mkewe tukamwita Anti. Dubai kila Mhindi mwenye mvi ni Anko mpaka atakapokukatalia. Yeye hakukataa, ingawa mvi zenyewe alizipaka rangi nyeusi kila baada ya muda, na siku ya kupaka hakufungua mlango.

Jengo lilikuwa Bur Dubai, nyuma ya maduka ya vitambaa, la zamani, lenye lifti iliyokuwa ikitetemeka kabla ya kuamua kupanda. Flati yetu ilikuwa imegawanywa kwa mbao za plaiwudi, kila kipande na vitanda vyake vya ghorofa, na kila mtu alipanga kitanda, si chumba. Mimi nilikuwa juu, Neema chini. Mimi natoka Nyahururu. Nilikuwa nikifungasha mizigo kwenye ghala moja la Freezone, eneo la biashara huru karibu na uwanja wa ndege. Neema ni wa Kahama, na kazi yake ilikuwa usafi wa maofisi. Anko na Anti walikaa wawili tu kwenye flati ya mlango wa pili kutoka kwetu, na kwa maisha yetu hilo lilikuwa sawa na kuwa na shamba.

Siku tuliyomfahamu, Neema alikuwa anatoka lifti na mifuko ya sokoni mikono yote miwili. Mzee mmoja wa Kihindi aliyevaa kandambili akampisha, akamtazama usoni, akamwambia, "Mwangaluka."

Neema aliachia mifuko yote. Nyanya zikabingirika mpaka kwenye ngazi. Hiyo ndiyo salamu ya asubuhi ya Wasukuma, na alikuwa hajaisikia tangu aagane na mama yake.

"Umejuaje mimi Msukuma?" akauliza.

"Sikujua," mzee akasema, huku akiokota nyanya moja moja na kuzifuta kwenye shati lake. "Nikiona mtu wa Afrika nasalimu hivyo. Miaka yote hii wewe ndiye wa kwanza kuangusha nyanya."

Kiswahili chake alikipata Shinyanga. Ujana wake wote aliutumia huko, kwenye duka la pembejeo, akitunza stoo ya dawa za pamba. Dubai alikuwa akifanya hesabu za duka moja la vitambaa pale chini, nusu siku tu, maana macho yalikuwa yamechoka. Kiswahili hicho kilikuwa cha dukani na cha mashambani, kisicho na haya, na kila aliposahau neno alipiga paja lake kwa hasira kana kwamba neno limeibwa.

Alikuwa Mjaini. Mimi sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo. Nilidhani Wahindi wote wasiokuwa Waislamu wala Wakristo ni kitu kimoja. Alinifafanulia siku niliyowapelekea sahani ya githeri, yale mahindi na maharage ya kwetu, yenye vitunguu ndani yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, halafu akaomba niirudishe. Hawali nyama wala mayai, sawa, hilo nililitarajia. Lakini hawali vitunguu pia, wala vitunguu saumu, wala viazi, wala karoti, chochote kinachong'olewa na mzizi wake, kwa sababu ukikivuta kutoka ardhini unaua mmea mzima na vidudu vyote vilivyojishika nao. Maji yao wanayachuja kwa kitambaa na kuyachemsha. Jua likizama hawali tena mpaka kesho, maana gizani hujui nini kimeingia kwenye sahani.

"Hayo ni mambo ya afya au ya dini?" nikamuuliza.

"Kwa upande mmoja, ya afya," akasema. Hiyo ilikuwa kauli yake ya kila siku. Hakujibu swali moja kwa moja hata umuulize kama nje kuna joto. Kwao, alisema, hakuna mtu anayeuona ukweli pande zote, kwa hiyo ni adabu kutaja upande uliosimamia. Neema alimjaribu. "Anko, Yesu ni Mwana wa Mungu?" "Kwa upande mmoja, ndiyo." "Na Waislamu wanaosema siye?" "Kwa upande wao, nao wanaona kitu." Neema alinung'unika wiki nzima, lakini sikumsikia tena akigombana na Hawa, msichana wa Tanga aliyelala kwenye kipande cha flati yetu cha ukutani, kuhusu nani anaomba vizuri.

Siku moja Anko aliingia kwetu bila kukaribishwa. Alimkuta Neema amelala, simu iko kwenye chaji chini ya mto, na waya wa ekstensheni umepita juu ya blanketi kwenda kwenye jiko la umeme la wali, ambalo tulikuwa tumeliweka sakafuni kati ya nguo. Alichomoa vyote. Halafu akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akangoja Neema afumbue macho.

"Unajua kuua ni nini?" akamuuliza.

"Anko, mimi nimelala tu."

"Ndiyo. Sisi tunafundishwa kwamba kuua hakuanzii mkononi. Mtu anaweza kukanyaga mdudu bila kujua, na kama alikuwa anatembea kwa uangalifu, dhambi yake ni ndogo sana. Mwingine hajakanyaga kitu, lakini anatembea huku akiangalia angani. Huyo wa pili ameshaua. Hajakutana na mdudu wake tu." Akamwonyesha ule waya. "Uzembe ndio kuua kwenyewe. Hicho kingine kinafuata baadaye."

Tulicheka alipotoka. Lakini jiko la wali tulilihamishia juu ya meza, na simu sikuiweka tena chini ya mto mpaka leo.

Nisimchore kama malaika. Kunguni angembeba kwa karatasi mpaka dirishani, lakini naturi, mlinzi wa jengo letu, Anko angemtukana mbele ya watu kwa sababu ya taa moja ya ngazi isiyowaka. Alimfokea Anti kwa ajili ya rimoti ya televisheni. Mechi ya kriketi ikienda vibaya alizima na kukaa gizani kama aliyefiwa. Alipenda umbea kuliko sisi sote. Habari za nani kahama na nani kakamatwa na viza iliyokwisha tulizipata kwake. Na kulikuwa na jambo la ile stoo ya Shinyanga, ambalo nilikaa nalo muda mrefu kabla ya kumuuliza.

Nilimuuliza juu ya paa. Kunguni walikuwa wametuvamia, kama wanavyovamia kila nyumba ya vitanda vya kupanga. Anko alikuwa ametushauri tupandishe magodoro paani wakati wa Agosti, jua linapochoma kama chuma cha pasi. Tulipanda sote, na Anti nyuma yetu na mwavuli.

"Kwa hiyo watakufa," Neema akasema.

"Jua litafanya kazi yake. Mimi sijaua mtu."

"Na godoro limepandishwa na nani?" Anti akauliza kutoka chini ya mwavuli. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kilitosha kumchoma mumewe. Anko akajifanya hakusikia.

Ndipo nikamuuliza: wewe usiyeua kunguni, uliwezaje kuuza dawa za wadudu miaka yote ile? Aligeuza godoro moja upande wa pili.

"Nilikuwa na mke na mtoto," akasema. Kisha, "Nimeua viumbe wengi kuliko askari yeyote unayemjua, na sikuinua mkono. Niliandika risiti tu." Akasimulia kwamba mwenzake pale dukani alimpa mkulima mmoja dumu tupu la dawa, na yule mkulima akaenda kuchotea maji nyumbani. Alirudi baada ya siku chache kuuliza kama duka lina dawa ya kutibu watoto. Lilikuwa halina. "Kabla ya hapo dini yangu ilikuwa ya sikukuu," Anko akasema. "Baada ya hapo nikaanza kusoma maandishi ya kila chupa. Nikaanza kunusa."

Vile vidonge alituonya juu yake siku hiyohiyo. Kuna watu, alisema, wanaopita na begi kuuza vidonge vya kufukiza maghala ya nafaka, wanadai vinamaliza kunguni kwa usiku mmoja. Mamlaka yamevipiga marufuku majumbani, lakini vinauzwa kwa kificho. Hewa inavigusa, vinatoa gesi isiyoonekana, inapita kwenye nyufa, kwenye matundu ya vyoo, kwenye mabomba ya eesii za kupoza hewa, inaua kunguni, halafu inamfuata jirani. "Mkisikia mtu anataja vidonge, nileteeni mimi." Aligonga milango yote ya ghorofa yetu kusema hivyo. Katika flati iliyokuwa kati yetu na yake, yule bwana aliyekuwa akiikodisha na kuwapangisha wengine vitanda alimsikiliza kwa heshima, akamwambia, "Inshallah, Anko," akafunga mlango.

Anti alikuwa mtu wa kicheko. Alikuwa mnene, mfupi, magoti yanamuuma, na alipenda chipsi. Viazi, maana yake. Mumewe akienda dukani alikuja kwetu, akakaa kwenye kitanda cha Neema, akala chipsi za Neema zilizokolezwa pilipili, akajipangusa midomo kwa ncha ya sari. "Usimwambie," aliniambia mara ya kwanza. "Ananusa," nikamjibu. Alicheka mpaka akakohoa. Nadhani Anko alijua siku zote. Nadhani hilo lilikuwa miongoni mwa mambo machache aliyoamua kutoyanusa.

Na kila mwaka, baada ya siku zao za kufunga, walikuja pamoja mlangoni kwetu wameunganisha viganja. "Kama mwaka huu nimekuumiza kwa neno, kwa tendo au kwa wazo, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe." Walikwenda kila mlango. Hata kwa naturi, aliyesubiri siku hiyo kuliko Idi.

Ilikuwa Ijumaa ya msimu wa joto. Mimi na Neema tulikuwa mapumziko. Anko, kama kawaida yake, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kwenye chumba chao cha ibada, kisha kutembea ukingoni mwa Khor, ule mkono wa bahari unaopita mjini, kabla jua halijakuwa kali. Mimi niliamka na kichwa kizito, nikadhani ni uchovu wa wiki. Neema alikuwa ameshatapika mara moja akarudi kulala. Tulilaumu kuku tuliyemla jana.

Mlango wetu ulipigwa kwa kiatu. Nilifungua, nikamkuta Anko, kiatu kimoja mkononi na kingine mguuni, jasho linamtiririka, uso umemgeuka.

"Kitunguu saumu," akasema.

Nilidhani kaingiwa na wazimu. "Anko, hakuna anayepika."

"Ndiyo! Hakuna anayepika. Hii si chakula, ni ile gesi ya vidonge, ndiyo inanuka hivi. Tokeni. Msivae, msibebe kitu, tokeni!"

Mtu asiyetia kitunguu saumu mdomoni maisha yake yote anakisikia toka mbali. Sisi tuliokipika kila siku hatukuwa tumesikia kitu. Alilowesha taulo zetu bafuni, akatupa tuzibe pua, akampiga Neema kwenye nyayo mpaka akasimama. Hawa na mwenzake, wa kile kipande kilichopakana na flati ya jirani, walikuwa hawawezi kutembea. Tuliwavuta kwa makwapa mpaka kwenye ngazi, maana lifti aliikataza. Aliendelea mlango kwa mlango na kile kiatu chake. Waganda walitoka, Mfilipino alitoka na mtoto begani, familia ya Kinepali ya pembeni ilitoka. Mlango wa flati ya katikati haukufunguliwa kwa sababu ndani hapakuwa na mtu. Ulikuwa umezibwa kingo zote kwa utepe wa plastiki.

Chini barabarani tulikaa kwenye kibaraza na nguo za kulalia. Wauza vitambaa walikuwa wanafungua maduka. Mmoja alitoka na jora zima, akalikata kwa mkasi, akatugawia vipande tujifunike. Hawa alikuwa anatapika kwenye mfereji. Naturi alikuwa anapiga simu. Anko alizunguka katikati yetu akihesabu nyuso kwa kidole, midomo ikimchezacheza, na kwa mara ya kwanza niliona alivyo mzee.

Ndipo nikasema, "Anko, Anti yuko wapi?"

Alinitazama kama nimesema naye kwa lugha asiyoijua. Kisha akageuka, akakimbia. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akipanda ngazi vile. Vijana wa Uganda walimfuata. Walimteremsha Anti akiwa amefungwa kwenye shuka, wanne wamemshika, Anko nyuma ameshika ncha ya shuka iliyokuwa ikiburuzwa, asije mtu akaikanyaga.

Ambulensi ilifika, na wazima moto wakaingia na vinyago vyao. Hawa na mwenzake walilazwa, wakapona. Anti alikata roho hospitalini. Tulikuwa tumesimama nje ya chumba cha dharura wakati adhana ya Ijumaa inalia, na daktari alikuja kwetu akatafuta ni nani kati yetu ndugu yake.

Habari yenyewe ilijulikana haraka. Yule mpangishaji wa flati ya katikati alikuwa amewaondoa wapangaji wake jioni ya Alhamisi, akanunua vidonge kwa mtu wa begi, akavitawanya vyumbani, akaziba mlango na kwenda kulala kwa nduguye Sharjah. Hakuwaza majirani. Polisi walimchukua, na yule wa begi wakampata pia.

Niliitwa kutoa maelezo, kwa hiyo nilikuwepo siku Anko alipoulizwa. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekuja kutoka ng'ambo, mtu mzima, mrefu, aliyekuwa hajalala. Afisa aliuliza kwa Kiarabu, mkalimani akageuza: kama mume wa marehemu, una msimamo gani juu ya huyu mtu?

"Nimemsamehe," Anko akasema. "Mwacheni aende kwa watoto wake."

Alilisema upesi kiasi kwamba mkalimani alidhani hakuelewa swali. Akarudia. Anko akarudia vilevile, maneno yaleyale, macho kwenye meza. Mwanawe alisimama akatoka. Nilimkuta koridoni ameweka paji la uso ukutani.

"Baba yangu," akaniambia kwa Kiingereza, "amemsamehe aliyemuua mama yangu kama mtu anayerudisha kikombe cha chai."

Watu wa dini yake walimheshimu mno kwa jambo lile. Walikuja kwa makundi kumwona, wengine kutoka Abu Dhabi, wakagusa miguu yake. Neema alisema tumeishi na mtakatifu bila kujua. Mimi mwenyewe nilisimama kanisani, siku ya ushuhuda, nikasimulia habari zake, na mchungaji akazifanya mahubiri. Nilipomweleza Anko, nikitaka kumfariji, aligeuza uso pembeni, akaniuliza kama siku hizi treni zinajaa.

Sisi tulihama jengo lile tukaenda Satwa. Yeye alikaribishwa na tajiri wake wa duka la vitambaa, akapewa chumba nyumbani kwa tajiri huyo. Nilimtembelea mara kadhaa. Alikuwa safi, amenyolewa, mvi zote nje sasa. Kwenye chumba chake nilikuta dirisha halifunguki na mtungi wa gesi umekaa nyuma ya mlango. Nilimwonyesha. "Acha tu," akasema. Siku yao ya kuombana msamaha ilipofika, mimi na Neema tulipika chai isiyo na tangawizi mbichi, tukafagia, tukamngoja. Hakuja. Simu aliipokea, akasema ana mafua.

Mwaka tangu kifo cha Anti ulipokuwa unakwisha, alinipigia mwenyewe. "Binti, una nafasi? Nina kazi ndogo. Mwenye jengo anataka funguo za flati yangu, anataka kulikarabati lote. Nahitaji mtu wa kuingia naye."

"Hujawahi kuingia tena?"

"Mwanangu ndiye aliyetoa vitu."

Nilimkuta amesimama kibarazani, mgongo kwa barabara. Tulipanda kwa ngazi, akipumzika kila ghorofa. Naturi, yuleyule ambaye Anko alikuwa akimtukana, alitufungulia akatuacha. Flati ilikuwa tupu. Ukutani kulikuwa na alama za mstatili mahali picha zilipokaa, na jikoni makaratasi ya rafu bado yalikuwa na doa la mafuta. Nilitembea mbele nikafungua kila dirisha. Anko hakufika mbali. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, mkono umeshika fremu.

"Binti," akasema, "siku ile mlango wa kwanza niliofungua ulikuwa wangu."

Niligeuka kutoka dirishani.

"Hamkujua. Mlidhani nilianza na nyinyi. Harufu niliisikia nikiwa ngazini, nikaingia kwangu kwanza. Nikafika mpaka hapa. Alikuwa amelala. Kabla sijatoka alfajiri alikuwa anatapika, hajapata usingizi hata lepe, na mimi kichwa kinanigonga, nikasema ni uzee. Nilimchemshia maji ya bizari. Nikamwambia ni yale maharage, yatapita. Sasa narudi namwona ametulia, mkono uko chini ya shavu. Nikafurahi. Nikavuta hewa: humu ndani sikusikia kitu, harufu ilikuwa koridoni. Nikasema nitawatoa wale kwanza, wao ni wengi na vitanda vyao vimegusa ule ukuta, huyu apumzike kidogo." Akashika kitasa cha ule mlango. "Nikaufunga polepole. Nilikishika kitasa hivi, nikakizungusha mpaka mwisho, ili kisilie."

Alikaa chini sakafuni, pale pale mlangoni, kwa shida, goti moja baada ya jingine. Nilikwenda nikakaa karibu naye.

"Yule mtu wa vidonge," akasema, "waliniuliza kama namsamehe. Niliogopa. Wakiendelea kuuliza maswali watafika kwangu. Nikasema haraka, yaishe. Na watu wakaja kunigusa miguu."

"Anko, huenda hata ungemwamsha..."

"Usiseme." Aliinua kiganja. "Daktari ameshaniambia hilo. Mwanangu siwezi kumwambia. Wenzangu watanifundisha habari za matendo na matunda yake, na mimi nayajua kuliko wao. Nimekuita wewe kwa sababu nyinyi mna neno."

"Neno gani?"

Alipiga paja lake, taratibu, akilitafuta. "Shinyanga, mtu akijikwaa njiani, unamwambia. Hata kama si wewe uliyeweka jiwe. Hata kama jiwe ni lake mwenyewe. Sisi tuna neno la kuomba msamaha. Waingereza wana sori, lakini hiyo ni ya mwenye kosa. Hili halimuulizi mtu kosa ni la nani."

"Pole," nikasema.

Alitikisa kichwa, ndiyo, hilo.

"Pole, Anko. Pole sana."

"Tena," akasema.

Nikarudia. Mashine za cherehani zilikuwa zikilia chini dukani, na joto lilikuwa linaingia kwa madirisha yote. Alikuwa amefumba macho, na kila nilipomaliza alisubiri kidogo, kisha akainua kidole, na mimi nikasema tena. Naturi alikuja kuchukua funguo akatukuta tumekaa sakafuni. Alirudi koridoni akatungoja.